Leza au drili: namna ya kumwandaa mtoto anayekwenda kuzibwa jino

Maswali ni yale yale. "Dokta, mna ile ya mwanga?" "Leza si haiumi?" "Mwanangu akisikia ule mlio tu anaanza kulia, nifanyeje?" Nimeyajibu mlangoni, kwenye simu na hata kwenye foleni ya daladala, ndiyo maana nayaandika hapa.

Mwongozo huu ni wako wewe mzazi au mlezi wa mtoto wa miaka 3 hadi 10 hivi. Umeshaambiwa jino lina tundu na linatakiwa kuzibwa, na sasa unapima kati ya drili na leza. Kifaa kina nafasi yake, lakini kwa watoto wengi kinachowaliza ni sindano ya ganzi, au maneno waliyoyasikia nyumbani kabla hawajafika. Ukilipia leza bila kumwandaa mtoto, utalipa zaidi na kilio utakisikia vile vile.

Tofauti yenyewe, kwa kifupi

Drili ziko mbili. Ya kasi huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, ina mlio mwembamba mkali na hurusha maji. Hiyo ndiyo inayokata sehemu ngumu ya nje ya jino. Ya taratibu hukwangua uozo laini wa ndani, nayo hutikisa taya mpaka mtoto anaisikia sikioni. Wazazi huulizia ile ya mlio. Watoto wengi hushtukia hii ya kutikisa, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba inakuja.

Leza inayokata jino ni ile iitwayo ya erbiamu, jina la madini yanayotumika kutengeneza mwanga wake. Haigusi jino kabisa. Mwanga wake hunyonywa na maji yaliyomo ndani ya jino, maji hugeuka mvuke ghafla, na chembe ndogo ndogo za jino hupasuka na kutoka. Sehemu iliyooza ina maji mengi kuliko iliyo nzima, kwa hiyo huliwa upesi zaidi. Taya halitikisiki, na tundu la juujuu huweza kushughulikiwa bila sindano. Marekani iliruhusu leza ya aina hii kukata jino tangu 1997, kwa hiyo si kitu cha jana.

Sasa upande wa pili. Leza haiko kimya: inadunda kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria iliyofunikwa. Maji baridi yanarushwa, harufu ya kuungua huweza kutokea, na kazi kwa kawaida ni ndefu kuliko ya drili. Kwa mtoto wa miaka minne, dakika za ziada za kuachama mdomo si mchezo. Leza haitoi ziba la zamani la madini. Tundu lililokaribia kiini cha jino bado linaweza kuhitaji ganzi. Na daktari huweza kumalizia kwa kifaa cha mkono au kwa ile drili ya taratibu. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 9, yaliona kwamba waliotibiwa kwa leza walisikia maumivu pungufu na walihitaji ganzi kwa uchache kuliko wa drili, ila ushahidi wenyewe kwa jumla ulikuwa dhaifu. Anayekuahidi "haiumi hata chembe" anafanya biashara.

Utakavyohitaji kabla ya kuanza

- Uzito wa mtoto kwa kilo, uliopimwa karibuni. Ganzi hupimwa kwa uzito. Kwa lidokaini, dawa ya ganzi inayotumika sana, kiwango cha juu kinachotumika sana kwa watoto ni miligramu 4.4 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 15 anaishia kwenye miligramu 66, na kichupa kimoja cha kawaida (mililita 1.8, asilimia 2) kina miligramu 36. Yaani hafikishi hata vichupa viwili. Ndiyo maana daktari anakataa kuziba meno ya pande zote nne siku moja, hata kama umetoka mbali.
- Orodha ya dawa anazotumia, mzio wowote, na magonjwa: pumu, moyo, selimundu, damu kutoganda vizuri, degedege.
- Miadi ya asubuhi. Saa tatu au saa nne ni nzuri. Saa nane mchana, mtoto ana usingizi na hasira zake.
- Kioo kidogo, kijiko cha chai na tochi ya simu, kwa mazoezi ya nyumbani.
- Miwani ya jua ya mtoto, kama mnakwenda kwenye leza. Ya bei rahisi inatosha, kwa sababu ni ya mazoezi ya nyumbani tu; kwenye leza yenyewe atavaa miwani ya kinga ya kliniki.
- Mtu mzima mmoja aliyetulia. Kama wewe mwenyewe ukiona kiti cha meno viganja vinalowa jasho, mtume baba yake, shangazi au mjomba. Si aibu.

Hatua 1: Piga simu kliniki, uliza maswali ya maana

Usiulize tu "mna leza?" Uliza ni ya kukata jino au ya fizi. Leza ya dayodi, ambayo ni ya bei nafuu zaidi, hutumika kwenye fizi na haiwezi kuchimba tundu. Kliniki inaweza kukujibu "ndiyo, tunayo" bila kudanganya, na bado mtoto akakutana na drili ambayo ulimwambia haipo.

Kisha uliza: Mmewatibu watoto wa umri huu kwa leza hiyo? Miwani ya kinga ya saizi ya mtoto ipo? Ganzi itahitajika? Mzazi anaruhusiwa kubaki chumbani? Bei ni ya jino zima au ya kila ziara?

Swali la mwisho ndilo watu hulisahau: *ni lazima kukata?* Jino la utotoni lina njia nyingine, na baadhi yake hazihitaji drili wala leza.

Ya kwanza ni kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, kisha kuziba kwa saruji nyeupe inayotoa floridi. Huenda utashangaa kusikia kwamba mbinu hii ilianzia Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwenye kazi za afya ya kinywa za chuo cha meno cha Dar es Salaam, kwa ajili ya maeneo yasiyo na umeme wala maji ya bomba. Shirika la Afya Duniani likaipigia debe mwaka 1994, na leo inafanyika nchi nyingi. Haina mlio, na mara nyingi haina sindano.

Ya pili ni dawa ya majimaji yenye madini ya fedha na floridi, ya asilimia 38. Inapakwa tu. Tangu 2021 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ubaya wake: sehemu iliyooza inakuwa nyeusi na haing'ariki tena. Kwenye gego la nyuma si tatizo, kwenye jino la mbele jadilianeni kwanza.

Ya tatu ni kofia ya chuma inayovishwa gego la utotoni bila kuchimba na bila ganzi. Iliandikwa sana huko Uskoti. Mtoto atasikia meno yamekaa juu juu kwa siku kadhaa, kisha anazoea.

Kama mojawapo inamfaa mtoto wako, suala la leza au drili limekwisha hapo hapo. Kama haimfai, endelea.

Hatua 2: Safisha maneno ya nyumbani

Kuna sentensi moja inayoharibu kazi ya daktari kuliko drili zote: "Usipotulia nitakupeleka kwa dokta akuchome sindano." Imesemwa kwa miaka, na watu wengi, na kwa mapenzi tu. Kuanzia leo inakoma. Waambie wote wa nyumbani, pamoja na bibi, dada wa kazi na kaka zake wakubwa wanaopenda kuigiza mlio wa drili mezani.

Maneno ya kuacha: kuchoma, kutoboa, kuchimba, kuumia, damu, kung'oa. Maneno ya kutumia: kuhesabu meno, kuosha jino, kulaza jino, kuweka dawa, kubanwa, kutekenywa.

Onyo. Usiahidi "haitauma." Hujui. Ikiuma kidogo tu, mtoto anajifunza kwamba mama anadanganya, na ziara ya pili inakuwa vita. Sema: "Utasikia kubanwa, na dokta atakuwa anakuambia kila kitu kabla hajafanya."

Hatua 3: Mwambie kwa wakati wake

Mtoto wa chini ya miaka sita, mwambie jioni ya kuamkia siku hiyo, au asubuhi yenyewe. Ukimwambia wiki nzima kabla, unampa wiki nzima ya kuota. Mwenye miaka saba na kuendelea anahitaji siku mbili tatu ili aulize maswali yake.

Eleza kwa sentensi chache, kisha nyamaza. Kwa drili: "Kuna mashine mbili. Moja inapiga mluzi na kurusha maji, nyingine inatetemesha jino. Zinasafisha wadudu." Kwa leza: "Kuna mwanga unaosafisha jino. Unalia pa-pa-pa, na maji ya baridi yanaruka. Wote tutavaa miwani, hata dokta." Usiongeze kwamba drili haipo. Huenda ikahitajika kumalizia, na hapo utakuwa umemponza daktari na wewe mwenyewe.

Hatua 4: Mcheze nyumbani

Mlaze kichwa mapajani pako, miguu mbele, awe anakutazama kwa chini. Huo ndio mkao wa kiti cha daktari, na kwa watoto wengi kulala chali mbele ya mtu mgeni ndiko kunakoanza kutisha. Washa tochi ya simu, hesabu meno kwa mpini wa kijiko. Ishirini yakiwa ya utotoni yote. Mpe kioo aangalie. Kisha badilishaneni, yeye awe daktari. Akikuambia "fungua mdomo vizuri, usilie," umeshapata nusu ya kazi.

Hapo hapo fundisha ishara: mkono wa *kushoto* ukiinuliwa, kazi inasimama. Wa kushoto kwa sababu daktari wengi hukaa kulia. Ishara hii lazima iheshimiwe hata nyumbani. Akiinua mkono, toa kijiko mara moja, hata kama unajua anakuchezea. Anakujaribu, na ana haki ya kujaribu.

Hatua 5: Zoeza masikio na mwili kwa kifaa husika

*Kwa drili:* siku ya kunyoa ni nafasi nzuri. Kinyozi akiwa na nafasi, mwombe amguse mtoto kidevuni au nyuma ya sikio kwa mgongo wa mashine inayowaka, upande usio na wembe. Mtetemo ule ni jamaa wa karibu wa drili ya taratibu.

*Kwa leza:* mazoezi ni ya miwani. Mvalishe ile ya jua, funga mapazia, mhesabu meno gizagiza. Miwani ya kinga hubadilisha rangi ya chumba na ya nyuso za watu, na mtoto asiyejua hilo huivua ghafla. Leza ikiwa inafanya kazi, kuvua miwani ni hatari kwa jicho, si utundu tu.

Usimwonyeshe video za mtandaoni za upasuaji wa meno. Hata zile zenye vibonzo, zitazame mwenyewe kwanza mpaka mwisho.

Hatua 6: Siku yenyewe

Apate kifungua kinywa chepesi, muda wa saa mbili hivi kabla ya miadi, isipokuwa umeambiwa atapewa dawa ya usingizi. Hapo fuata masharti ya kufunga kama ulivyoandikiwa, bila kumwibia hata kikombe cha chai ya maziwa. Apige mswaki. Nguo iwe rahisi kubadilisha, kwa sababu maji yatamwagika.

Fika mapema kidogo, lakini si saa nzima kabla. Kama chumba cha kusubiri kina mtoto anayelia ndani, tokeni nje mkasubirie kivulini.

Hatua 7: Ukiwa chumbani, nyamaza

Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Daktari wa watoto ana utaratibu wake: anamwambia, anamwonyesha, ndipo anafanya. Atapuliza hewa kwenye kiganja cha mtoto, atanyunyiza maji kwenye kikombe, atagusisha drili ya taratibu isiyo na ncha kwenye ukucha. Kwa leza atamsikilizisha mlio akiwa ameielekeza pembeni, wote mkiwa na miwani. Kila hatua inahitaji sauti moja tu. Mzazi akirudia kila neno kwa sauti ya juu, mtoto hajui amsikilize nani.

Na zile "pole, pole mwanangu, pole" kabla hata hajaguswa: ziache. Mtoto anajua pole husemwa kwa aliyeumia, kwa hiyo anaanza kutafuta anaumia wapi. Kaa upande wa miguu yake, weka mkono wako juu ya goti lake, basi. Wa chini ya miaka mitatu huweza kulazwa mapajani pako na pa daktari, magoti yenu yakiwa yamegusana.

Hatua 8: Ganzi, kama ipo

Kwanza hupakwa ganzi ya krimu kwenye fizi iliyokaushwa, ikaachwa dakika moja au mbili. Mzazi mwenye haraka huona daktari anapoteza muda. Dakika hizo ndizo zinazoamua. Kisha ganzi yenyewe huingizwa polepole sana, kwa sababu kinachouma zaidi ni msukumo wa dawa.

Usimwambie mtoto "angalia, ile sindano." Usimwambie pia kwamba hakuna sindano. Akiuliza moja kwa moja, jibu: "Ni dawa ya kulaza jino. Utasikia kubanwa, tuhesabu hadi kumi, inaisha."

Hatua 9: Kazi ikiendelea

Mpe kazi. Ashike lile bomba dogo la kunyonya mate kama daktari anaruhusu, au ahesabu kimoyomoyo, au akupe ishara ya dole gumba kila daktari akipumzika. Kwa leza omba vituo vya mara kwa mara, maana taya la mtoto huchoka. Miwani haivuliwi wakati wa kituo mpaka daktari aseme leza imezimwa. Wewe pia. Nimeona baba anayeinua yake juu ya kipaji apige picha, na daktari akalazimika kusimamisha kila kitu.

Hatua 10: Baada ya kutoka

Kama alipata ganzi, mdomo na ulimi vinabaki vimekufa ganzi kwa saa mbili tatu, wakati mwingine zaidi. Mtoto hutafuna mdomo wake wa chini bila kusikia, jioni unakuta umevimba na una kidonda cheupe. Mweleze, mtazame, usimpe chakula cha kutafuna wala uji wa moto mpaka ganzi iishe. Akilalamika maumivu, paracetamol kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini usimpe.

Msifu kwa kitu ulichokiona: "Ulifungua mdomo hata ile ya pa-pa-pa ilipoanza." Zawadi iwe stika, au kuchagua mboga ya jioni. Soda na pipi ndizo zilizowaleta hapo.

Mambo yakienda kombo

*Anagoma kupanda kitini.* Usimbebe kwa nguvu. Omba leo iwe siku ya kuhesabu meno tu, kama jino halimpi maumivu. Ziara fupi iliyoisha vizuri inafaa kuliko ziba lililowekwa kwa kushikwa mikono na watu watatu.

*Leza ikianza anafunga mdomo.* Mara nyingi ni ubaridi wa maji, si maumivu. Mwombe daktari aanze kwa nguvu ndogo na kusogeza taratibu. Ikishindikana, ganzi kidogo kisha leza, au drili, si kushindwa.

*Miwani inateleza.* Iombewe mkanda wa nyuma ya kichwa. Usiishikilie kwa mkono wako mbele ya uso wake, utamziba daktari.

*Anasema inauma ingawa ana ganzi.* Mwamini. Jino lenye usaha halikubali ganzi vizuri. Kazi isimame, daktari apime tena.

*Anataka kutapika kila kitu kikiingia mdomoni.* Akae wima kidogo, apumue kwa pua, ainue mguu mmoja hewani na kuushikilia. Inashangaza, lakini kwa wengi inaondoa mawazo kooni.

*Shavu limevimba, ana homa, hawezi kumeza au jicho limeanza kufumba.* Achana na habari za leza. Nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku.

*Kila kitu kimejaribiwa, bado haiwezekani.* Ulizia gesi ya kutuliza, ambayo mtoto huivuta puani akiwa macho. Kwa meno mengi mabovu kwa mtoto mdogo sana, au mwenye mahitaji maalumu, kutibiwa hospitalini akiwa amelazwa usingizi ni njia halali, na inafanywa na mtaalamu wa usingizi pamoja na daktari wa meno.

*Ziara ya kwanza ilikwenda vizuri, ya pili anakataa.* Muulize ni kipi hakukipenda, umpe majina: ladha, maji, mlio, sindano, kulala chali? Jibu huwa dogo kuliko ulivyodhani, kama ladha ya krimu ya ganzi au mwanga wa taa machoni. Mpelekee daktari jibu hilo kabla mtoto hajaingia, mlangoni, kwa sauti ya chini.